Mapafu Safi

Saa tatu kasoro robo asubuhi, mfagizi aliacha funguo, saa na mkanda kwenye beseni la plastiki mlangoni, akaingia chumba cha almasi cha maabara. Chuma hakikuruhusiwa humo. Mezani palikuwa na almasi ndogo kuliko punje ya mchele, na ndani yake elektroni moja iliyogeuka kama sindano ya dira kila iliposikia sumaku, hata ya chembe isiyoonekana kwa macho.

Mfagizi alipoikaribia meza, mstari wa vipimo vya elektroni ile kwenye skrini ulianza kutetemeka.

"Tanuri, umesahau nini tena mfukoni?" aliuliza mtafiti. Walimwita Tanuri kwa sababu ya miaka yake kumi na tisa katika kiwanda cha kuyeyusha chuma.

"Mwanangu, nimebaki na suruali tu. Nayo naishikilia kwa mkono."

Mtafiti akaisogeza almasi kifuani pa Tanuri. Mstari ukaruka. "Ni vumbi la chuma, baba. Limejaa mapafuni."

Akaunganisha kipaza sauti ili mtetemo ule wausikie kama sauti. Walikohoa watu watatu. Tanuri akawatambua: wenzake wa zamu, waliozikwa zamani. Mmoja alikuwa mume wa dada yake.

"Shemeji, hamjambo humo?"

"Hatujambo, Mungu ni mwema. Ila pamebana."

Mtafiti akaandika saa na joto la chumba.

Daktari wa kiwanda alikuwa amemwandikia Tanuri cheti cha mapafu safi, na kwa cheti hicho hospitali haikumtibu. "Niandikie wewe, mwanangu," alisema. "Nipate dawa kabla sijawafuata hawa."

Mtafiti aliandika kurasa mbili za barua, akachora mstari ule, akawataja mashahidi watatu. Mkuu wa maabara alizisoma, akausifu mchoro, akaandika juu yake "usumbufu wa vipimo", na kuagiza chanzo kiondolewe chumbani. Tanuri akahamishiwa getini. Mstari ukanyooka. Barua ikabaki kwenye faili.

Jumatatu Tanuri alikwenda hospitali na cheti cha kiwanda, kwa kuwa hakuwa na kingine. Karani akakisoma.

"Mzee, huumwi."

"Anaumwa," alisema shemeji kutoka kifuani. Tangu siku ile hawakuhitaji tena kipaza sauti. Akataja jina lake kamili, na mwaka aliofariki kwa vumbi lilelile.

Karani akamwomba atamke polepole, akaandika yote kwa mwandiko mzuri.

"Mambo ya marehemu ni dirisha la saba," alisema. "Lakini huyu mzee mapafu yake ni safi."

Tanuri akamshukuru. Wakashuka ngazi taratibu, watu wanne kwa pumzi moja.