Mitungi Isiyochomwa

Mtungi wa kwanza ulitoboka kitako wakati Mama Mkubwa akiwa bado anausifu.

"Oneni uzuri huu," alikuwa akiwaambia wageni wake kutoka Geita. "Kazi ya mkono wa marehemu. Jamani, njooni mnywe maji ya mtungini, muachane na chupa."

Maji ya kijivu yakamwagikia viatu vyake, na mtungi ukajikunja chini taratibu kama mtu aliyeishiwa nguvu. Wa pili ukafuata. Mama Mkubwa akaruka nyuma huku ameshika gauni lake jeusi.

"Hivi hii mitungi ni mibovu?"

Mimi si mtu wa kupaza sauti. Chuoni Shinyanga wakufunzi walikuwa wakiniambia nirudie jibu mpaka darasa zima linacheka. Lakini siku ile, kesho yake baada ya kumzika bibi yangu Theopista, nilitoka jikoni na mwiko mkononi nikapiga kelele.

"Haijachomwa! Mama Mkubwa, haijachomwa! Nani ameitoa kibandani kwa Bibi?"

Waombolezaji wakanigeukia. Hata waliokuwa wakicheza karata kule kwa wanaume walinyanyua vichwa.

"Mimi," akajibu Baba Mkubwa Donatus, akifuta miwani yake. "Asteria, shusha sauti. Tuko msibani."

Hilo ndilo lililonikata maini. Mama Mkubwa, mke wake, alizaliwa mjini, mtungi kwake ni pambo. Lakini Baba Mkubwa alilelewa na mfinyanzi. Ada yake ya shule ilitoka kwenye vyungu vilivyobebwa kichwani mpaka gulio la Ushirombo. Na bado alikuwa ameingia kibandani, akaiona mitungi imepangwa juu ya majani makavu, ya kijivu, haijaonja moto, akawaita vijana waitoe pamoja na vyungu na kuanza kuijaza maji. Maisha yake yote hakuwahi kutazama mama yake anafanya nini.

Jana yake makaburini alikuwa amesoma wasifu wa marehemu. Alizaliwa, alibatizwa, aliolewa, aliugua. "Marehemu alikuwa mama wa nyumbani," alisoma, kisha akaeleza kwa kirefu nyumba ya bati aliyomjengea. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kwaya. Nilitamani kumnyang'anya kipaza sauti, nikaishia kuuma leso.

Mama wa nyumbani! Nyumbani alikuwa anakaa saa ngapi? Alfajiri alikuwa bondeni anachimba udongo, jua likitoka anaukanyaga kwa miguu, huku akiutukana kama una masikio: "Utalainika leo, mshenzi wee, wenzako walilainika." Akisugua mtungi kwa jiwe laini hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha, hata padri. Sokoni mteja akitaja bei ya dharau alikuwa akimwangalia kichwani na kumuuliza, "Baba, hicho kichwa chako nikikichoma, kitatoa hata kifuniko?" Watu walikuwa wanakuja kwenye meza yake kwa ajili ya matusi tu, wanaondoka na chungu.

Mwaka jana Baba Mkubwa alimletea pipa la plastiki. "Mama, pumzika sasa. Watu wa Geita wananiuliza kama nimeshindwa kukutunza."

"Nikipumzika nifanye nini? Nikae nikuangalie wewe?" Bibi akalijaza pipa mbolea, akapanda mchicha.

Sasa mitungi na vyungu vyake vya mwisho, ambavyo bado havijatiwa maji, vilikuwa vimesimama uani, na upande wa Runzewe wingu lilikuwa limejaa. Mvua moja tu, vyote vingerudi kuwa udongo.

"Vijana, tupeni hivi vitu shimoni," Baba Mkubwa alisema. "Wageni wasichafuke."

"Vina wenyewe," nikasema. "Mtungi mkubwa ni wa Mama Nkwimba muuza togwa. Vyungu hivi ni vya masista. Bibi aliwaahidi."

"Mtu akifa na oda zake zimekufa. Nitawanunulia ndoo."

"Ndoo?"

"Mwanangu, unatutia aibu."

Aibu! Niliokota kigae cha chungu kibandani, nikavuka ua hadi kwenye moto wa wanaume. Kwetu, moto huo unawashwa siku ya kifo na hauzimwi mpaka matanga yaanuliwe. Mwanamke haugusi. Nilijua. Niliinama nikaanza kukombea makaa kwenye kigae.

"Wewe binti!" Mzee Maduhu, mlinzi wa moto, alinyanyua fimbo. "Umerukwa na akili?"

"Shikamoo Babu. Nachoma vyungu vya Bibi."

"Marahaba. Weka makaa chini."

"Siweki."

Aliniangalia, kisha akatazama tope miguuni mwa wageni. "Nani kafanya ujinga ule?"

"Mwanawe Bibi."

Mzee akatema mate pembeni. "Mke wangu wa kwanza alinikimbia, wa pili akanikimbia, mtungi wa Theopista bado uko kwangu na haujawahi kuvuja." Akashusha fimbo. "Chukua na kuni. Moto huu si umewashwa kwa ajili yake? We kijana Mayala, mbebee mwenzio lile gogo."

"Maduhu, hiyo siyo mila!" Baba Mkubwa alifoka.

"Na kumwaga kazi ya marehemu mbele ya matanga yake ni mila ya wapi? Ya Geita?"

Wanaume wakacheka. Baba Mkubwa akavua miwani, akaivaa tena.

Nilifanya kama Bibi alivyokuwa akifanya. Nilivipasha vyungu pembeni kwanza, nikivigeuza mpaka vikawa vya moto mkononi. Nikatandika kuni na samadi kavu, nikavilaza juu yake, nikavifunika kwa nyasi na vigae. Moto uliposhika, kimoja kikapasuka kwa kishindo. Pa! Nililia palepale, mbele ya wageni wote, nikilia na kuongeza nyasi. Matone machache yakadondoka, kisha upepo ukalisukuma wingu kuelekea Kahama.

Asubuhi nilifukua majivu. Chungu kimoja cha masista kilikuwa vipande. Vingine vilikuwa vizima, vyekundu, na madoa meusi ya moshi.

Baba Mkubwa akaja peke yake, hajavaa viatu. Alichuchumaa, akagusa shingo ya mtungi wa togwa. Palikuwa na alama ya kidole gumba kwenye udongo. Akaweka kidole chake juu yake.

"Nipe huu, mwanangu. Niwe na kitu cha mama yangu."

Siku nyingine ningempa. Moyo wangu ni mwepesi, Bibi mwenyewe alikuwa akinisema kwa hilo. Lakini nilikumbuka lile neno la Baba Mkubwa, ndoo.

"Una mwenyewe," nikasema. "Ukitaka wako, weka oda."

"Kwa nani sasa?"

Nilisokota kanga kuwa kata ya kichwani, nikapiga magoti, nikajitwisha mtungi wa Mama Nkwimba. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Alinyoosha mikono anisaidie kusimama. Nikasimama mwenyewe.