Hatua Tatu Kutoka Cherehani

Fundi alishonea sare za shule sebuleni, na baba yake, dereva mstaafu wa malori, alilala chumba cha pili. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya mguu na nusu ya maneno, basi akihitaji kitu aligonga ukuta kwa bakora. Miezi ya mwanzo Fundi hakumaliza mshono. Ngo ngo, moyo unaruka, mkasi chini, mbio. Kumbe mzee anataka tu kujua nani kapita nje na viatu vya kelele.

"Baba, utaniua kwa presha."

"Ukifa, nani atanipa chai?" mzee alijibu kwa ulimi mzito, wakacheka.

Mwaka ukapita. Kugonga kule kukawa kama mngurumo wa jokofu: kupo, hakupo.

Jumanne moja asubuhi jirani aliingia bila hodi. "Mwenzangu, huna masikio? Baba anagonga mpaka namsikia niko uani kwangu."

Walimkuta sakafuni, nyonga imevunjika, bakora bado mkononi. Rangi ya ukuta ilikuwa imebanduka karibu na sakafu.

Hospitalini daktari alimweleza kwa upole kwamba sauti ikijirudia kila siku bila kuleta hatari, masikio huipokea lakini ubongo huacha kuijali. "Usijilaumu," alisema. Fundi akaitikia kwa kichwa. Hakumwambia kwamba asubuhi ile ile, cherehani ikiwa imepamba moto, simu ya mteja ilitetema chini ya vitambaa, naye aliipokea kwenye mtetemo wa kwanza.

Mzee alirudi nyumbani baada ya wiki tano, na hakugonga tena. Fundi alikuwa akichungulia anamkuta midomo imekauka, kimya.

"Baba, mbona huniiti?"

Mzee alichukua muda kuyakusanya maneno. "Nilijua umenichoka. Nikaona nikuache ufanye kazi."

"Sikusikia, baba. Haki ya Mungu, sikusikia."

"Hatua tatu, mwanangu."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angefoka.

Siku hiyo hiyo Fundi alihamishia cherehani chumbani kwa baba yake, akashonea humo miaka miwili, hadi mzee alipofariki. Miaka hiyo yote mzee hakuomba kitu tena. Ilibidi Fundi abahatishe: maji, mto, dirisha. Mara nyingi alikosea, na mzee alipokea hicho hicho alicholetewa, akamshukuru kwa adabu, kama mtu aliyefikia nyumba ya watu.