Sekunde Kumi na Moja za Selo

Shangazi alisema angefika saa nne kamili, na Shangazi akisema saa nne, basi saa nne kasorobo unasikia viatu vyake kwenye ngazi. Tangu saa mbili nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu cha studio, nikisikiliza sekunde kumi na moja zilezile mpaka nikahisi nazo zimenichoka.

Kazi yangu ni kukata na kuunga sauti. Wanamuziki wanakuja, wanarekodi kipande kimoja mara nane, mara kumi, halafu wanakwenda zao na kuniachia makosa yao. Nachukua mwanzo wa mara ya tatu, katikati ya mara ya saba, mwisho wa mara ya pili, naviunganisha, na msikilizaji anadhani mtu alikaa akapiga moja kwa moja bila kukosea. Nafuta kiti kilicholia, nafuta kikohozi, nafuta tumbo la mpiga fidla aliyekuja kazini bila kifungua kinywa. Sioni haya kusema kwamba kazi hii naiweza. Niliirithi kwa baba pamoja na meza yake, na meza bado ina alama ya kikombe chake upande wa kulia.

Safari hii aliyerekodi ni dada yake baba. Shangazi anapiga selo, ile fidla kubwa inayoshikwa katikati ya magoti, na alianza kuipiga mimi sijazaliwa. Kwa siku nne tulirekodi koncheto tatu za karne ya kumi na nane, yaani vipande ambavyo selo moja inaongoza na okestra ndogo inaifuata, inaibishia, inaipisha. Ni muziki wa mtindo wa hisia. Watunzi wa mtindo ule hawakutaka wimbo utulie kwenye hali moja kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Walitaka ubadilike katikati ya sentensi: unalia, unakatika ghafla, unanyamaza, unawaka hasira, kisha unaomba radhi. Nilipokuwa mdogo nilimwambia Shangazi kwamba muziki huo unafanana naye. Yeye hakucheka, ila baba alicheka mpaka akalazimika kutoka chumbani.

Mwaka jana mkono wake wa kushoto ulianza kutetemeka. Daktari akautajia ugonjwa jina refu, akasema utazidi polepole. Sasa, wapiga selo hutetemesha kidole juu ya uzi kwa makusudi ili noti iimbe, lakini ule ni mtetemo wa kuamriwa. Huu mwingine hausikii amri ya mtu. Shangazi akakata shauri arekodi koncheto zake tatu kabla mkono haujamgomea kabisa. Siku ya kwanza, kabla hata hajafungua sanduku la selo, akaniita pembeni ya ukumbi. Alisema nikate na niunge nitakavyo, hilo halimhusu, lakini kila noti iwe ya wiki hii.

"Nataka kujua mkono wangu umefika wapi," alisema. "Usinidanganye, hata kwa mapenzi."

Nikamwapia. Asubuhi ya siku ya kwanza mtu anaapa tu, kazi bado hajaiona.

Mahali penyewe ni katika sehemu ya polepole ya koncheto ya tatu. Okestra inanyamaza yote, inabaki selo peke yake. Inapanda ngazi fupi ya noti, kisha inashika noti moja ndefu ambayo inatakiwa ianze kama haipo, ivimbe, halafu ififie hadi kwisha. Ni sekunde kumi na moja, basi. Tulizirekodi mara kumi na nne, kila mara tukianzia okestra inapopungua, na mara zote kumi na nne kidole kilipofika kwenye noti ile ndefu kilianza kucheza chenyewe, na noti ikawa inachechemea. Baada ya mara ya kumi na nne Shangazi aliutazama mkono wake kama mgeni aliyevunja sahani, akasema zimetosha, humo ndani nitapata moja nzuri. Niliitafuta wiki nzima. Haikuwemo.

Ndipo nikakumbuka kanda ya baba. Miaka ishirini iliyopita ukumbi uleule ulitiwa dari mpya, na baba akamwita dada yake apige chochote ili asikie dari inafanya nini kwenye sauti. Shangazi akapiga hizohizo sekunde kumi na moja, peke yake, kwa selo hiihii. Kanda ilikuwa kwenye boksi la viatu chini ya meza. Nikaihamishia kwenye kompyuta, nikasikia mkono uliotulia tuli, na kuanzia hapo sikuwa tena mtu wa kuaminika.

Nilishusha noti zile kidogo zilingane na okestra yetu. Nilitandika chini yake ukimya wa ukumbi wa siku zetu nne, kwa sababu hata ukimya una sauti yake na mtu mwenye masikio hubaini ukibadilika. Kilichonisumbua ni baba. Alikuwa na tabia ya kukaa karibu na mpigaji, hedifoni kichwani, akizuia pumzi kila muziki unapotaka kutulia, halafu anavuta hewa kwa pua, fupi, kama mtu aliyekanyaga maji baridi. Kwenye kanda ile alivuta mara mbili, na zote mbili nilizifuta. Nilimfuta baba mara mbili asubuhi moja, nikaendelea kunywa chai yangu.

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua. Huyo ni fundi wetu wa maikrofoni, tunamwita Waya kwa wembamba wake na kwa kazi yake. Nilimwambia kwa sababu siri ilikuwa inanikaba. Akanijibu kwamba yeye hajasikia, hajaona, na nikikamatwa basi ijulikane siku hiyo alikuwa likizo. Na kweli, leo hakuonekana.

Saa nne kasorobo viatu vikasikika kwenye ngazi. Shangazi aliingia na mkoba wake mkubwa, akaniuliza kama nimekula, hakungoja jibu, akakaa kwenye kiti cha baba. Fomu ya idhini ilikuwa mezani, kalamu juu yake. Koncheto mbili za kwanza alikuwa amekwisha kuzikubali juzi. Akiikubali na hii, anatia saini, na saa saba mimi natuma kazi kwa kampuni inayotoa rekodi. Fomu yenyewe ilisema kwa maandishi meusi kwamba muziki wote ulipigwa katika siku nne zilizotajwa. Nilikuwa nimeiweka uso chini, nikaona nimefanya ujinga, nikaigeuza tena.

Akavua miwani, akafumba macho, akaweka mkono wa kushoto chini ya ule wa kulia, juu ya mkoba. Nikabonyeza.

Sehemu ya kwanza ilipita salama. Alisema tu kwamba fidla ya pili inajiona bosi, niishushe kidogo, nikaishusha. Kisha ikaja sehemu ya polepole. Nilitazama saa ya kompyuta ikihesabu na moyo ulikuwa unanienda mbio hata nikaogopa atausikia, maana huyu ni mtu anayesikia friji ya jirani. Dakika ya tatu. Ya nne. Okestra ikaanza kupungua, mmoja mmoja, ikanyamaza.

Selo ikabaki peke yake. Ngazi ya noti, kisha noti ndefu, imenyooka, inavimba, inafifia. Sikupumua. Nilimtazama Shangazi usoni kama anavyotazamwa daktari aliyeshika majibu. Akatabasamu. Lilikuwa tabasamu dogo la upande mmoja, na kichwa kikainama kidogo kana kwamba kuna mtu amemwamkia. Okestra ikarudi, muziki ukaendelea.

Imepita, nikajisemea. Aibu ilinishika, lakini faraja iliishinda, sitaki kusema uongo juu ya hilo. Sehemu ya mwisho, ile ya haraka, niliisikiliza nikiwa nimejiachia kwenye kiti kama mtu aliyetua mzigo.

Muziki ulipokwisha, Shangazi alivaa miwani, akavuta fomu, akachukua kalamu. Akaishika juu ya mstari wa saini. Halafu akaiweka chini.

"Nirudishie kidogo," alisema. "Kule kwenye polepole, selo inapotaka kubaki peke yake."

Masikio yangu yakawaka moto. Nikarudisha. Kidole kilikuwa na jasho, kikateleza, nikarudisha mbali mno, ikabidi tusikilize nusu dakika nzima. Kisha Shangazi akainua kidole chake.

"Hapo. Umesikia?"

Sikuwa nimesikia kitu. Nilisema hivyo na ilikuwa kweli. Nikarudia. Sikusikia kitu.

"Ile ni pumzi ya baba yako," alisema Shangazi.

Sina haja ya kujitetea. Nilimwaga kila kitu, na kwa haraka, kama anayetaka adhabu ianze ili iishe. Nilimwambia juu ya boksi la viatu, juu ya dari mpya, juu ya sekunde kumi na moja. Nilimwambia kwamba mara zote kumi na nne zilikuwa na kasoro, na sikuweza kumwambia. Nilisema nilidhani nimemfuta baba, kumbe nimembakiza, anisamehe. Shangazi alinisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya mkoba, bila kunikatiza.

"Sekunde zipi?" aliuliza.

"Za selo peke yake."

"Mimi nimesema kabla yake."

Nikageukia kompyuta. Mahali alipoinua kidole palikuwa sekunde tatu kabla ya kiungo changu, pale nilipounga kanda ya baba. Hapo palikuwa pa siku zetu nne, okestra yetu, mkono wake wa leo. Baba hakuweza kuwepo hapo, amefariki miaka tisa sasa. Nilivaa hedifoni, nikaongeza sauti hadi mwisho, na hapo nikaisikia: hewa ikivutwa kwa pua, fupi, kama mtu aliyekanyaga maji baridi.

Karibu na maikrofoni ya selo hakukuwa na watu ila wawili. Mmoja ni Shangazi. Wa pili ni mimi, niliyekaa kushotoni kwake siku zote nne nikimfunulia kurasa kwa sababu mkono wake haukuweza. Nikafungua zile mara kumi na nne, moja baada ya nyingine. Pumzi ilikuwemo katika zote. Nimefuta viti, nimefuta vikohozi, nimefuta tumbo la mtu mwenye njaa, na hii nimeipita wiki nzima bila kuisikia. Nimekua nayo chumbani. Kwangu haikuwa kelele.

Nilimvalisha Shangazi hedifoni, akasikiliza, akazivua.

"Basi ni wewe," alisema. Akaziweka mezani. "Na ile noti ndefu, kwa hiyo, sikuwa mimi."

Nilimwambia alikuwa yeye, ila yeye wa miaka ishirini iliyopita. Niliposema nikaona nimezidi kuharibu.

"Nilipofika pale nilifurahi," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na ndiyo iliyonimaliza. "Nilijiambia, kumbe kuna mara moja katika zile kumi na nne mkono ulinitii. Nimekaa na hiyo furaha hapa kitini mpaka ulipoanza kusema."

Angenigombeza ningeshukuru. Nilitazama alama ya kikombe mezani na nikatamani mwenye kikombe awepo, anitukane yeye.

Baada ya muda Shangazi akasema nimpigie ile ya kumi na nne. Nikampigia. Ngazi ya noti, safi. Kisha noti ndefu, ikianza vizuri, ikikatika, ikijishika, ikitikisika njia nzima hadi kwisha. Safari hii hakufumba macho. Aliutoa mkono wa kushoto chini ya wa kulia, akauweka mezani, akautazama wakati unasikika. Aliomba tena, na tena.

"Weka hii."

Nilisema, kwa sauti ndogo, kwamba watu watasikia.

"Wasikie. Mimi nimeshasikia."

Ilikuwa saa sita kasorobo. Nikazitoa zile sekunde kumi na moja za zamani na kuweka mpya mahali pake. Kazi hiyo kwa kawaida ni ya dakika mbili, lakini nilipitiliza mstari wa kukatia mara mbili, na Shangazi akaona, akangoja. Nilipomaliza kiungo nikarudi nyuma sekunde tatu. Sasa nilikuwa naisikia pumzi ile waziwazi, na mazoea yakanituma niizungushie alama nyekundu ya kufuta.

"Hiyo iache," alisema.

Nikaiondoa alama.

Akavuta fomu karibu, akasoma mstari mweusi kwa kidole, neno kwa neno, kisha akashika kalamu kwa mkono wa kulia na kuikandamiza karatasi kwa ule wa kushoto isiteleze. Karatasi ikaanza kuchakarika chini ya vidole vyake, kwa sauti ndogo isiyotulia, ya aina ninayolipwa kuifuta. Niliisikiliza mpaka akamaliza kuandika.