Sauti Zilizofutwa Amani

Majamvi yalikuwa yameshatandikwa nyumbani kwa Nehemia, mtaa wa Chumbageni, ingawa mwili haukuwa umeonekana. Mvua za masika ziliporomosha mlima kule Amani, zikakata barabara na kuangusha mnara wa simu. Watu waliofika ng'ambo ya bonde walitazama mahali iliposimama nyumba ya watafiti, wakaona udongo mwekundu mtupu. Nehemia alikuwa huko na mwanafunzi wake, Loveness. Mkewe, Imakulata, alikuwa ameshajifunga kaniki ya msiba.

Asubuhi ile Shaima alitoka matangani akaenda ofisini, maana hakuweza tena kumtazama Imakulata usoni. Yeye na Nehemia walifanya kazi moja kwa miaka mingi: Nehemia alirekodi milio ya vyura msituni, Shaima akaipanga na kuitunza mjini Tanga. Milio hiyo ilikaa kwenye seva mbili, moja Tanga na moja Amani, zilizounganishwa kwa antena zao wenyewe zilizosimikwa vilimani, zisizotegemea mnara wa simu. Programu ilizichungulia folda usiku na mchana. Kilichoongezwa upande mmoja kiliongezwa na wa pili. Kilichofutwa huku kilifutwa na kule.

Hajaketi vizuri, Edgar, fundi wao, akaingia mbio na simu mkononi.

"Dada Shaima, faili zinafutika!"

Shaima aliwasha kioo cha kompyuta. Kweli, majina yalikuwa yakitoweka moja baada ya jingine, kama mtu anayezima taa za nyumba chumba kwa chumba.

"Si ulisema seva ya Amani imefukiwa?"

"Nilidhani hivyo. Kumbe kile chumba cha zege cha juu msituni, kinachokaa seva, kimesalimika, na sola yake. Lakini diski itakuwa imeingia maji, inakufa. Na programu hii haina macho, dada. Ikiona kule hamna kitu, na huku inafuta." Akainama kushika waya. "Nakata mawasiliano. Tukichelewa hatubaki na hata chura mmoja."

Shaima alitaka kusema kata. Ile ndiyo mali pekee aliyoiacha marehemu. Lakini macho yake yalikuwa yameganda kwenye kioo. Folda moja ilikwisha, pakawa kimya kidogo, ndipo ikaanza nyingine. Zote zilikuwa za Nehemia. Za Loveness, zilizokuwa katikati ya hizo, hazikuguswa hata moja.

"Edgar, ngoja. Diski inayokufa inachagua?"

Edgar hakumsikia, alikuwa ameshaushika waya. Shaima, ambaye tangu abalehe hakuwahi kumgusa mwanamume asiye maharimu wake, alimkamata kifundo cha mkono akamzuia kuuchomoa.

"Ngoja, nimekwambia!"

Akapanga faili ili mpya zitangulie. Juu kabisa kulikuwa na majina ya folda ambazo hakuna mtu aliyezifungua.

TUKO HAI.

TUKO HAI CHUMBA CHA JUU.

LOVENESS AMEVUNJIKA MGUU.

JAMANI HAMTUONI?

Majina yale yalikuwa yamefika tangu juzi, kimyakimya. Edgar alikuwa ameizuia simu yake isilie kwa faili mpya, kwa kuwa zilikuwa zikiingia kutwa nzima. Aliacha ilie pale tu faili nyingi zinapofutwa. Nehemia alilijua hilo.

"Anakuita," Shaima alisema. "Anafuta kazi yake ili simu yako ilie."

Edgar aliuachia waya, akakaa sakafuni. "Nilikuwa nakata," alisema. "Mungu wangu, nilikuwa nakata."

Shaima alitengeneza folda mpya, vidole vikikosea herufi: ACHA KUFUTA TUMEONA. Majina yaliendelea kutoweka. Likatoka moja, likatoka jingine. Kisha yakasimama. Mbele ya macho yao jina la folda ile lilibadilika: NI NANI?

SHAIMA NA EDGAR, akaandika.

MWAMBIENI IMAKULATA.

Edgar alipiga simu kwa wakubwa wa wilaya, akawaeleza chumba kilipo. Shaima alikimbia Chumbageni. Alimvuta Imakulata uani, akamwambia.

Imakulata hakucheka wala hakulia. "Usinichezee, Shaima. Watu wamekiona kifusi kwa macho yao."

"Wallahi, ameandika sasa hivi."

"Basi mwulize jina ninalomwita tukiwa wawili."

Shaima alimpigia Edgar. Walisimama pale wakisubiri, Imakulata ameushika ukuta. Hatimaye simu ikaita.

"Ameandika," Edgar alisema kwa haya, "Kibushuti."

Imakulata alipiga ukelele akaanguka magotini. Wanawake waliokuwa ndani, wakidhani mwili umeletwa, nao wakaangua kilio, na ilichukua muda mrefu kuwanyamazisha na kuwaeleza. Hata walipoelezwa, wengine waliendelea kulia. Hawakujua wafanye nini kingine.

Wanakijiji walizunguka kwa juu na kamba, wakawashusha Nehemia na Loveness kwa machela, wakawapeleka hospitali.

Shaima alipokwenda kuwatazama, alikuwa na habari ambayo hakujua namna ya kuisema. Edgar alijaribu kila njia. Faili zilizofutwa hazikurudi, si Amani wala Tanga.

"Za bonde la chini zimekwenda zote," Shaima alisema.

Bonde hilo sasa lilikuwa chini ya udongo, pamoja na vyura wake.

"Za Loveness?" Nehemia aliuliza.

"Ziko. Hakuna iliyoguswa."

"Basi," alisema, akageukia ukutani. Mabega yake yakaanza kutikisika. Imakulata, aliyekaa kando ya kitanda, alimpa Shaima ishara kwa macho, naye akatoka taratibu, akauvuta mlango nyuma yake.