Mbwa Aliyeambiwa Kaa

Asubuhi Jerop alikuja kuomba moto, akamkuta jirani yake Kimotho akikwangua ukoko wa ugali kwenye sufuria. Bosko, mbwa wa nyumba hiyo, alikuwa amejilaza karibu na mafiga.

"Mzee, jana nilikuwa soko ya Misikhu," Jerop akasema. "Nimeona Bosko amekaa pale geti ya kituo cha afya."

"Ndiye."

"Na huyu?"

"Pia ni yeye."

"Sawa. Mimi nilidhani ana pacha." Akachukua kijinga chake cha moto, akarudi kwake.

Jambo lenyewe halikuwa na siri. Nyaruai, mke wa Kimotho, alibanwa na kifua akiuza kabeji huko Misikhu, Kimotho na wachuuzi wakamkimbiza kwenye kituo kile, Bosko nyuma yao. Getini Kimotho aliinua ndara, akasema, "Kaa!" Mbwa akakaa. Ndani, karani aitwaye Vivian akamwonyesha Kimotho benchi. "Kaa hapo mzee, ngoja. Daktari anakuja sai." Kimotho akakaa. Daktari mkuu alikuwa Naivasha kwenye semina ya kuwahudumia wagonjwa vizuri, na ufunguo wa chumba cha oksijeni ulikuwa mfukoni mwake. Nyaruai alitolewa kwa mlango wa nyuma, amefunikwa shuka. Katika kilio kile hakuna aliyemkumbuka mbwa.

Walipofika nyumbani Kitale na maiti, Bosko alikuwa amekwisha kufika, amelala mlangoni. Na bado alikuwa kule getini. Wakubwa walipotarajiwa kuzuru kituo, mafundi walipaka ukuta rangi wakimzunguka. Mheshimiwa mmoja alikata utepe juu ya kichwa chake, akamsifu kwa nidhamu.

Yule wa nyumbani alizidi kupungua. Kwanza sauti ilibaki Misikhu. Wezi walibeba kuku, naye akafungua mdomo tu, kimya. Kisha harufu ikamtoka. Sasa, jua likiingia jikoni, mtu aliweza kuyaona mafiga kupitia mbavu zake. Kimotho alijua kwamba mvua zikianza hatakuwa na mbwa, na katika nyumba ile hapakuwa na mwingine wa kumlaki akitoka shambani. Akafunga ukoko kwenye karatasi, akaenda Misikhu.

"Hii mbwa ni ya serikali sasa," soja wa getini akamwambia. "Si unaona imeingia kwa rangi? Ongea na ofisi."

Vivian hakuinua macho kwenye simu. "Kaa hapo mzee, ngoja. Daktari anakuja sai."

Kimotho akakaa kwenye benchi lilelile. Tangu ujana wake, mtu wa ofisi akisema kaa, alikaa. Machifu walimfunza hivyo, na makarani, na wanunuzi wa mahindi, wala hakuna hata mmoja aliyewahi kumtupia ukoko.

Pale alipokaa, geti lilikuwa karibu, mbele ya mlango ulio wazi. Akavua ndara, akaiinua. "Bosko! Toka hapo! Twende!"

Bosko akajibana chini zaidi.

"Ai, mzee!" soja akacheka. "Hata wewe, unaweza kuendea mtu ameshika ndara?"

Nyaruai naye alikuwa akisema hivyo. Ndara inamwambia mbwa aache, alisema, haimwambii afanye nini. Kimotho akairudisha mguuni. Akaenda akachuchumaa getini, akaushusha mkono mpaka chini, kipande cha ukoko kiganjani, akasubiri. Bosko akasimamisha sikio. Kimotho akampa papo hapo, kwa sababu Nyaruai alionya kwamba ukichelewa, mbwa atadhani anashukuriwa kwa kupiga miayo. Bosko akainua shingo, akapata kingine. Akasogeza mguu, akapata kingine. Ukoko ulipokaribia kwisha, Kimotho akasema polepole, kwa sauti aliyokuwa akiitumia marehemu, "Haya."

Mbwa akainuka. Alibweka mbweko zote za tangu siku ile, wagonjwa wakangoja amalize. Ukutani palibaki umbo la mbwa lisilo na rangi. Kimotho akageuka, akaenda zake naye, ingawa yeye pia aliambiwa akae, na hakuna aliyemwambia, "Haya."

Nyumbani, Bosko alikuwa mmoja, mzito, ananuka vizuri. Usingizini alimlalia Kimotho miguu mpaka ikafa ganzi.

Siku ya soko ilipopita tena, kesho yake asubuhi Jerop alikuja kuomba moto.

"Mzee, jana nimekuona Misikhu. Umekaa kwa benchi ya kituo. Kina mama wanakuwekea watoto kwa magoti."

"Ndiye mimi," Kimotho akasema. "Daktari amefika?"

"Vivian anasema anakuja sai."

Kimotho akatikisa kichwa, akampa Bosko ukoko, akainama kuchochea moto. Jerop akayaona mafiga kupitia kifua cha Kimotho, akachukua kijinga chake, akarudi kwake.