Mate ya Gordon

Mtoto wangu Gordon, wa miezi mitatu, alitoa mate kama bomba bovu. Kifua maji, shingo maji, nguo nabadilisha mpaka nachoka. Akishiba anapuliza mapovu na kujichekea. Hayo tu! Lakini majirani wote wa ploti yetu hapa Migosi wakageuka madaktari. Huyu aseme nikiwa na mimba nilitamani samaki nikanyimwa, yule aseme ni jicho baya. Sista wa kliniki alimpima akacheka: "Mama, bado hajajua kumeza mate. Mfunge kitambaa shingoni." Nani alinisikia? Hakuna.

Jumamosi mama mkwe akaja kutoka Kombewa. Hata hajaketi vizuri, kidole kiko mdomoni mwa Gordon. "Si haya hapa! Meno ya plastiki, ndiyo yanamtoa mate. Nampeleka kwetu leo, kuna mama anayatoa."

Nilijua anavyoyatoa. Anachimba ufizi kwa spoki ya baiskeli mpaka kitu cheupe kitoke, kumbe ni jino lenyewe, bado changa. Mtoto wa jirani yetu alichimbwa hivyo, akavimba uso, tukamzika.

"Mama, sista amesema hana ugonjwa."

"Huyo sista amezaa wangapi?"

"Hata kama hajazaa! Gordon haendi."

"Wewe umeolewa juzi, utanifunza watoto?" Akaanza kumfunga mgongoni kwa leso.

Nikamgeukia mume wangu, Oketch. Anakula ugali wake kama hayuko! "Baba Gordon, sema kitu!"

"Mama anajua mambo ya watoto," akasema.

Haki ya Mungu, nilitaka kummwagia ile mboga. Mwanaume mzima! Nikashika leso upande huu, mama mkwe akavuta upande ule, Gordon katikati anapuliza mapovu.

"Unaogopa nini?" mama mkwe akafoka. "Huyu bwana yako si nilimpeleka mwenyewe? Alitoa mate hivi hivi. Wakamtoa mawili ya juu, akapona. Si ndiye huyu anakula?"

Oketch akaacha kutafuna. Pale juu, pande zote mbili, hana meno ya chonge, hayakuota kamwe. Akicheka huziba mdomo kwa mkono, hata kwenye picha ya harusi yetu.

"Mama," akasema polepole, "si uliniambia nilipigwa teke la mdomo na ng'ombe nikiwa mdogo?"

Mama mkwe akaachia leso. Oketch akanawa mikono, akamfungua Gordon kutoka kwenye leso, akampakata. Mate yakamlowesha shati.

"Keti ule, Mama," akasema. "Halafu nitakusindikiza stendi."