Nyonga ya Okware

Asekenye aliangusha debe la kwanza la maji Jumatatu, la pili Alhamisi, na la tatu siku ya soko, mbele za watu. Ilikuwa mwaka wa 1965, huko Dabani, na kisima kilikuwa palepale kilipokuwa siku zote, bondeni, umbali wa nyimbo sita za kanisani ukiziimba bila kuruka beti. Shingo ilikuwa ikimuuma tangu kabla ya uhuru, lakini hilo hakulihesabu kuwa ugonjwa, kwa sababu kila mwanamke aliyemjua aliumwa shingo. Kilichomtisha ni mikono. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Alishika kikombe, akaona kwa macho kwamba amekishika, lakini mkono wenyewe haukuwa na habari.

Kisha akamwangusha mjukuu wake, Ikiring. Mtoto alikuwa na miezi minne, akaangukia juu ya gunia la pamba na kucheka. Hakuna aliyemgombeza Asekenye. Ila tangu siku hiyo Robinah, mke wa mwanawe Oluka, alipotoka na mtoto alipitia upande wa pili wa uwanja, kwa adabu, akizungumzia kuku. Asekenye alielewa. Jambo hilo lilimuuma kuliko shingo, na ndilo lililompeleka hospitali.

Hospitali ilikuwa Tororo, na daktari wa mifupa alifika kwa treni kutoka Kampala mara moja kwa mwezi, akakaa wiki nzima. Aliishika picha ya eksirei ya shingo mbele ya dirisha, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mama, umekuwa ukibeba nini kichwani?"

"Vitu."

"Vitu gani?"

"Ile yote iko," alisema Asekenye.

Daktari akamweleza taratibu. Pingili mbili za shingo zilikuwa zimesagana. Ile nyama laini ya katikati ilikuwa imekauka, na mfupa ulikuwa umeota vichomozi vinavyokandamiza uti wa mgongo, mahali habari za mikono zinapopitia. Angepasua kwa mbele, akwangue kilichoharibika, kisha apachike kipande cha mfupa chenye ukubwa wa karanga na ganda lake, ili pingili mbili zishikane ziwe moja. Bila hivyo mikono isingerudi, na miguu ingefuata. Kwa kawaida kipande hicho hukatwa kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe. Lakini nyonga za Asekenye zilikuwa zimebeba watoto saba, na juu yao kuni, na picha ilionyesha kwamba nazo zilikuwa zimechoka.

Wakamlaza kusubiri. Alifungwa kitambaa kidevuni, na nyuma ya kitanda ukaning'inizwa mfuko wa mchanga wa kuvuta kichwa. Asekenye hakushangaa kwamba hata hospitalini amepewa mzigo.

Siku ya tatu, saa kumi na moja jioni, wakati wa kuona wagonjwa, alikuja mumewe Okware. Nesi Mastula, mtoto wa mfanyabiashara mmoja wa mjini, alikuwa mlangoni na daftari la wageni.

"Wewe nani yake?"

"Bwana yake."

"Unakaa wapi?"

"Dabani. Nilikufa mwaka wa sitini na moja."

Mastula akaandika: mume, marehemu. Akamwambia avute benchi, asikae kitandani.

Okware alikuwa amevaa koti alilozikwa nalo, na viatu vimejaa vumbi. "Nimekuja kwa mguu," alilalamika. "Baiskeli si niliachia Oluka." Hakuwa amezoea kutembea. Katika miaka yote ya ndoa yao yeye alitangulia kwa baiskeli, na Asekenye alifuata na mzigo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, na sina shaka aliyesema hivyo kwanza alikuwa amepanda kitu kinachombeba.

"Nasikia unatafuta mfupa, mama Oluka."

"Nani amekwambia?"

"Kule habari inafika. Chukua yangu. Iko bure tu."

Daktari alimpima asubuhi. Alifurahi hata akawaita wauguzi waje kujifunza. Ulikuwa mfupa safi, haukuwa na mchubuko, mfupa wa mtu mzima ambao haujawahi kutumika. Okware alishukuru, akidhani amesifiwa. Tena alifaa kwa jambo la pili, kwa kuwa karatasi ya kuruhusu upasuaji ilitaka saini ya mume, na siku tatu nzima ofisi ilikuwa haijui la kufanya na mjane. Akaweka dole gumba. Wakalazwa kwenye vitanda viwili sambamba. Yeye hakuhitaji dawa ya usingizi, na muda wote aliongea na Nesi Mastula juu ya mvua. Jioni aliondoka akichechemea kidogo.

Asubuhi ya nne baada ya upasuaji Asekenye aliamka na kuhisi blanketi. Alihisi kwamba ni la sufu na kwamba pembeni limeshonwa upya. Alilia, na machozi nayo akayahisi kwa vidole alipoyafuta. Alimshukuru Mungu, akamshukuru daktari, na akamshukuru Okware kwa moyo wote. Kwa miaka thelathini mtu yule hakuwahi kumpokea hata ukuni mmoja, na sasa alikuwa amempa mfupa. Alikaa na plasta shingoni wiki kumi, akachambua mawe kwenye nafaka ya wimbi ya uji wa wodi nzima kwa raha ya kuyagusa tu.

Aliporudi Dabani, Robinah alikatiza katikati ya uwanja na kumwekea Ikiring mikononi. Mtoto alikuwa amekuwa mzito. Asekenye hakumwachia mpaka jioni.

Mzigo ndio uliokataa. Kesho yake alisokota ngata ya majani ya migomba, akaiweka utosini, akajitwika debe la maji. Debe likashuka lenyewe, likakaa chini bila kumwaga tone. Ngata ikalifuata. Alijaribu kuni, zikashuka. Alijaribu kikapu cha mihogo, nacho kikashuka, na shingo ikageuka kutazama baiskeli ya Oluka iliyoegemezwa ukutani.

Etyang, mdogo wake Okware, aliitwa atoe neno. Alitazama debe likishuka mara mbili.

"Hiyo ni mfupa ya mwanaume," alisema. "Mwanaume habebi kwa kichwa. Msiisumbue."

Watu wote waliona ni haki. Kwa miaka thelathini hakuna aliyewahi kuitetea ile shingo ilipokuwa ya Asekenye mwenyewe, lakini hakutaka kuonekana hana shukrani. Debe lake akalichukua Robinah, na kuni, na mihogo. Robinah alikuwa kijana na alisema si kitu.

Msimu wa pamba wa pili ulipofika, Robinah aliangusha sahani. Halafu sufuria. Asekenye alimtazama akifunga kitenge chake kwa macho, akiangalia fundo kama mtu anayefunga la mwenzake, na akaujua ugonjwa huo. Akaenda kwa mwanawe.

"Oluka, gunia la pamba weka kwa baiskeli."

"Mama, baba alibeba gunia na hii baiskeli?"

"Hapana."

"Basi."

Hakusema kwa ubaya. Oluka alikuwa mtu mwema na alimheshimu baba yake.

Okware mwenyewe alikuja jioni moja, akichechemea, kuangalia mfupa unaendeleaje. Aliambiwa habari za Robinah, akasikitika. Alisema nyonga ya kushoto bado anayo, nzima, na haina kazi. Lakini Etyang alitikisa kichwa, na Okware mwenyewe akakubali kwamba amesema bila kufikiri. Robinah alikuwa mke wa mwanawe. Hata chakula hawakuweza kula meza moja, sembuse yeye kukaa shingoni mwa mkwewe. Nyonga za Robinah mwenyewe zilikuwa na kazi, kwa hiyo mfupa ungepaswa kutoka kwa mume wake, akishakufa. Oluka alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na hajawahi kuugua hata kikohozi.

Wiki iliyofuata walikwenda kupeleka pamba kiwandani. Robinah alitangulia na gunia kichwani. Asekenye alifuata akiwa amembeba Ikiring, ambaye sasa alijua kutembea lakini hakupenda. Oluka aliendesha baiskeli polepole kando yao, asije akawaacha, na keria tupu ilikuwa ikigongagonga kwenye mawe. Walipofika mwinuko wa kanisa alisafisha koo. Ilionekana alikuwa amelifikiria jambo hilo kwa siku nyingi.

"Mama Ikiring," alisema, "mimi nikifa, nyonga zote mbili ni zako. Si moja. Mbili."

Machozi yalikuwa yamemlengalenga, na alisema kweli.

"Asante, baba Ikiring," alisema Robinah, kwa kuwa alilelewa vizuri. Kisha akasimama na kumwomba mama mkwe amwekee ngata sawa, maana ilikuwa imeteleza na yeye hakuweza kuihisi.

Asekenye akamhamishia mtoto mkono wa kushoto, akapenyeza wa kulia chini ya gunia. Vidole vyake viliihisi ngata vizuri kabisa, jani kwa jani, na jasho lililoilowesha, na uzito uliokuwa juu yake. Akaiweka sawa. Wakaendelea na safari.